Mgonjwa Haulizwi Uji: Taswira za Mwanamfalme Leopold katika Barua, Picha na Jiwe

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi neno taswira hutumiwa kwa maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Maana ya kwanza ni sura ya mtu au kitu iliyochorwa, iliyochongwa au iliyopigwa kwa kamera. Maana ya pili ni sura inayojengwa akilini mwa msomaji kwa nguvu za maneno. Maisha ya Mwanamfalme Leopold wa Uingereza (1853-1884), mtoto wa nane wa Malkia Victoria na wa mwisho miongoni mwa wale wa kiume, yanatoa fursa adimu ya kuzichunguza maana hizo mbili kwa pamoja. Leopold aliishi miaka thelathini akiwa na hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, na katika miaka hiyo aliandikwa, akapigwa picha, akaimbwa na hatimaye akachongwa katika marumaru. Ni wachache miongoni mwa wagonjwa wa karne ya kumi na tisa walioacha nyuma yao taswira nyingi kiasi hicho.

Makala haya yanazisoma taswira hizo kama matini, yaani kama kazi zenye msemaji, msemewa, mtazamo na kimya chake. Swali linaloongoza usomaji huu ni sahili: mgonjwa anapogeuzwa kuwa mada ya msanii, ni nani anayesema, na anasema kwa niaba ya nani? Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo husifu ukarimu wa anayeuguza, kwa kuwa mwenye huruma halisi hutoa bila ya kusubiri kuombwa. Hata hivyo, ikigeuzwa upande, methali hiyo hiyo inafichua hatari: mtu asiyeulizwa uji anaweza pia asiulizwe jambo jingine lolote. Hoja ya makala haya ni kwamba taswira nyingi za Leopold zilitokana na mapenzi, lakini ni mapenzi yasiyouliza.

Mwili na Wakati

Kabla ya kuzihakiki taswira zenyewe, yafaa kueleza tabia ya maradhi yanayohusika, kwani tabia hiyo ndiyo inayompa msanii ugumu. Hemofilia ilikwisha kujulikana na madaktari kabla ya Leopold kuzaliwa. John Conrad Otto alikuwa ameieleza nchini Marekani mwaka 1803, na jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1828. Kinyume na dhana iliyozoeleka, tishio lake kubwa halimo katika mkato mdogo wa kidole. Damu huvuja ndani ya mwili, hasa katika viungo kama vile magoti na vifundo vya miguu, ikavimbisha, ikaumiza, na baada ya kurudiarudia ikaacha ulemavu. Katika zama za Leopold hapakuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa, akaamriwa asijitikise, akangojea.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba maradhi haya huenda na kurudi. Kuna majuma ambapo mgonjwa hutembea, husoma, hucheka na hula na wenzake mezani, na mtu asiyemjua hawezi kuona dalili yoyote. Kisha hutokea kujikwaa kudogo, na mtu yule yule hawezi kunyanyua mguu kwa mwezi mzima. Hivyo ndivyo Leopold alivyoishi. Aliingia chuo cha Christ Church mjini Oxford mwaka 1872, akaongoza chama cha sataranji cha chuo kikuu hicho, na mwaka 1876 akatunukiwa shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. Mwaka 1880 alizuru Kanada na Marekani. Katika miaka hiyo hiyo alilala kitandani mara nyingi, na zaidi ya mara moja jamaa zake walikata tamaa juu ya maisha yake. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalolibatilisha jingine.

Kwa mintarafu hii, maradhi ya Leopold yana muundo wa kisimulizi: yana mwendo, marudio, taharuki na utulivu. Picha, kwa upande wake, ni sanaa ya nukta moja ya wakati. Mgongano baina ya ugonjwa unaosogea na sanaa inayosimama ndio kiini cha matatizo yanayojadiliwa hapa.

Kalamu ya Mama

Taswira ya mapema zaidi ya Leopold yenye uzito wa kifasihi imo katika barua za mama yake. Januari 1858 binti mkubwa wa Malkia, aliyeitwa Victoria kama yeye, aliolewa na kuhamia Prussia, na mama akaanza kumwandikia barua zilizoendelea kwa miaka mingi. Sehemu ya barua hizo ilichapishwa katika karne ya ishirini. Humo, katika miaka ya mwanzo, Leopold anachorwa bila ya huruma. Mama anamtaja kuwa mtoto mrefu asiyejua kujisimamisha vizuri, mwenye uso usiovutia, mwerevu lakini wa ajabu, asiyependeza ingawa anachekesha.

Msomaji wa leo hushtuka, na ni rahisi kumhukumu Malkia kuwa mama asiye na moyo. Hukumu hiyo haitoshi kwa mhakiki. Linalostahili kutazamwa ni mbinu ya msimulizi. Vipengele anavyovitaja ni vya mwili, lakini anavitathmini kana kwamba ni vya tabia. Mtoto hajisimamishi vizuri. Jambo hilo linahesabiwa kuwa kosa la malezi au upungufu wa haiba. Yamkini msomaji ajuaye namna hemofilia inavyoshambulia viungo akajiuliza kama kusimama kule kubaya hakukuwa na maumivu nyuma yake. Katika barua za mwanzo, basi, mwili wa mtoto unasomwa kwa msamiati wa adabu, kwa sababu msimulizi hajaupata au hajaukubali msamiati wa maradhi.

Baada ya mume wake, Albert, kufariki tarehe 14 Desemba 1861, mtazamo wa Malkia unageuka. Leopold, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikuwa Cannes kusini mwa Ufaransa, alikopelekwa kwa ajili ya afya yake. Taratibu yule mtoto asiyependeza anakuwa mtoto wa kulindwa, na baadaye mwana anayefanana na baba kwa akili. Alipofariki mwaka 1884, mama alimtaja katika shajara yake kuwa ndiye aliyependwa zaidi miongoni mwa wanawe wapenzi. Mabadiliko hayo yanaweza kusomwa kama safari ya kutoka chuki hadi upendo. Hata hivyo, usomaji makini unaonyesha kitu kisichobadilika: tangu mwanzo hadi mwisho ni mama anayefasili. Kwanza alifasili ubaya wa sura; kisha akafasili udhaifu; na fasili ya pili, ingawa ni ya upole, ilimfungia Leopold milango mingi zaidi kuliko ya kwanza. Kwa jina la udhaifu huo alizuiwa safari, marafiki na kazi. Aliomba nyadhifa za ugavana nchini Kanada na katika koloni la Victoria huko Australia, na hakupewa.

Kamera na Utulivu

Picha za Leopold zilizopigwa kwa kamera zinaonekana kwa mara ya kwanza kuwa kinyume cha barua, kwa kuwa hazisemi lolote kuhusu ugonjwa. Mfano maarufu ni picha ya Leonida Caldesi iliyopigwa Osborne, katika kisiwa cha Wight, mwezi Mei 1857. Malkia ameketi akimpakata Beatrice, aliyezaliwa mwezi uliotangulia. Albert na watoto wengine wanane wamepangwa kuwazunguka. Leopold, mwenye umri wa miaka minne, amesimama mbele ya kaka yake mkubwa, Edward. Katika safu hiyo yeye ni mmoja tu wa watoto wadogo. Mtu asiyejua historia hawezi kumtofautisha.

Wahakiki wengine wangesema kwamba kamera hapa inaficha. Makala haya yanapendekeza usomaji tofauti. Kamera ya wakati huo, iliyotumia kioo kilichopakwa dawa mbichi, ilihitaji mtu atulie kwa sekunde kadhaa. Aliyetikisika aliharibu picha. Utulivu huo kwa watu wengi ulikuwa pozi la muda mfupi, kisha wakainuka na kurudi katika shughuli zao. Kwa Leopold utulivu ulikuwa amri ya daktari. Alichotakiwa kukifanya mbele ya kamera ndicho alichotakiwa kukifanya kitandani, katika kochi na ndani ya gari la farasi. Kwa hiyo picha haikuufuta ugonjwa wake. Iliugeuza kuwa kanuni ya wote. Mbele ya kamera familia nzima ya kifalme iliishi kwa sekunde chache maisha ya Leopold.

Hali kadhalika picha aliyopigwa mwaka 1875 na Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati wa Christ Church ajulikanaye zaidi kwa jina la Lewis Carroll, inapata maana mpya ikisomwa hivyo. Mpigaji na mpigwaji walikuwa wa chuo kimoja. Leopold alikuwa na miaka ishirini na miwili, na miaka ya Oxford ilikuwa miaka yake ya uhuru mkubwa zaidi, kwani ndipo alipokuwa na nyumba yake, walimu wake na marafiki aliowachagua. Alishirikiana na John Ruskin, akawa mmoja wa wadhamini wa shule ya uchoraji aliyoianzisha Ruskin hapo chuoni. Hivyo mtu aliyeketi mbele ya kamera ya Carroll alijua sanaa ni nini. Yeye mwenyewe alikuwa mtazamaji aliyefunzwa. Hii ni nafasi ambayo barua za mama haziitambui hata mara moja: nafasi ya mgonjwa anayetazama.

Jiwe na Shairi la Maombolezo

Leopold aliteleza na kuumia goti mjini Cannes tarehe 27 Machi 1884, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 28, wiki chache kabla ya kutimiza miaka miwili ya ndoa yake na Helena wa Waldeck na Pyrmont. Aliacha binti, Alice, mwenye umri wa mwaka mmoja, na mwana, Charles Edward, akazaliwa Julai mwaka huo huo. Kifo kilifungua mlango wa taswira za aina mpya.

Katika kanisa dogo la kumbukumbu ya Albert huko Windsor, Leopold amelala katika umbo la marumaru lililochongwa na Joseph Edgar Boehm. Mchongaji amemvika sare ya kikosi cha Seaforth Highlanders. Leopold alikuwa kanali wa heshima, lakini uanajeshi, uliokuwa njia ya kawaida ya wana wa kifalme, ulikuwa hauwezekani kwake. Kaka yake Arthur alikuwa mwanajeshi halisi. Alfred alikuwa mwanamaji. Jiwe linampa marehemu kile ambacho mwili ulimnyima. Mtu anaweza kulitazama jambo hilo kama heshima ya mwisho, na kwa hakika ni heshima. Lakini pia ni masahihisho. Mwili uliovuja damu umefanywa mgumu, mweupe na usiovuja. Magoti yaliyovimba yamenyooshwa milele. Katika kumuenzi Leopold, mchongaji amemweka pembeni mtu aliyeishi, akaweka mahali pake mtu ambaye familia ingependa awe.

Upande wa pili wa ngazi ya sanaa yupo William McGonagall wa Dundee, mtunzi ambaye wahakiki wa Uingereza wamekuwa wakimcheka kwa zaidi ya karne moja. Naye alitunga shairi la kumwomboleza Leopold. Vina vyake ni vya kulazimishwa, mizani haipimiki, na sehemu kubwa imejaa maelezo ya mazishi. Hata hivyo, katika ufunguzi wa shairi mna jambo ambalo Boehm hakuliona: Leopold anasifiwa kwa sababu aliimba hadharani ili kuisaidia shule ya Esher, karibu na makazi yake ya Claremont. Ni sifa ndogo, na kwa lugha ya McGonagall inakaribia kuchekesha. Lakini katika mstari huo marehemu anafanya kitendo. Ana sauti, ana jirani, ana mchango. Mtunzi dhaifu amempa Leopold kitenzi, ilhali mchongaji stadi amempa vazi. Mhakiki anayepima kazi kwa ufundi wa fani peke yake hawezi kuiona tofauti hii, na hapo ndipo uhakiki wa fani unapohitaji kusaidiwa na uhakiki wa maadili.

Mraba Mweusi

Taswira iliyosambaa zaidi katika karne ya ishirini haikutoka kwa msanii yeyote. Ni mchoro wa nasaba unaopatikana katika vitabu vya baolojia, ambamo wanaume ni miraba na wanawake ni duara, na mwanamume mwenye ugonjwa hutiwa wino mweusi. Humo Leopold ni mraba mweusi chini ya Malkia Victoria. Kutoka kwa binti yake Alice mstari unashuka hadi kwa mjukuu, Rupert, aliyefariki mwaka 1928 baada ya ajali ya gari nchini Ufaransa. Charles Edward hakuurithi ugonjwa huo, kwa kuwa baba hampi mwanawe wa kiume kromosomu ya X inayobeba hitilafu. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mabaki ya familia ya mfalme wa mwisho wa Urusi walithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa katika ukoo huo ulikuwa hemofilia B.

Hakuna ubishi juu ya thamani ya elimu hiyo, ambayo imewawezesha madaktari kuwasaidia wagonjwa kwa njia ambazo zama za Leopold hazikuziota. Hata hivyo mraba mweusi una kanuni zake za kisimulizi. Unamfanya Leopold kuwa kiungo katika hadithi ya watu wengine. Katika barua alikuwa mtoto wa mama; katika jiwe, askari wa taifa; katika mchoro huu ni mpitishaji wa hitilafu. Mara tatu anakuwepo kwa ajili ya jambo lisilokuwa yeye.

Sauti ya Mgonjwa

Je, Leopold mwenyewe alisema nini? Wasifu ulioandikwa na Charlotte Zeepvat na kuchapishwa mwaka 1998 ulilijibu swali hili kwa kuzirejelea barua zake. Humo anajitokeza kijana mwenye kejeli, hasira na mapenzi makubwa. Alipokuwa mvulana, mlezi wake, Luteni Walter Stirling, aliondolewa mwaka 1866 baada ya miezi michache tu, na Leopold akaendelea kumwandikia, akilalamika kuhusu ukatili wa mtumishi aliyepewa kazi ya kumbeba na kumtunza. Mwaka 1878, akiwa mtu mzima, alikataa kuandamana na mama yake hadi Balmoral, akaenda Paris. Aidha, alihutubia hadhara: mwezi Desemba 1881, kwa mfano, alizungumza mjini Manchester kuunga mkono kuanzishwa kwa chuo cha kitaifa cha muziki.

Malalamiko ya mvulana yule yanatoa taswira ambayo hakuna mwingine angeweza kuitoa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtazamaji wa nje aliona mtumishi mwaminifu akimbeba mwanamfalme. Aliyebebwa alijua mikono ile ilivyombeba. Hapa hemofilia inaacha kuwa suala la damu peke yake na kuwa suala la mamlaka: ni nani anayekugusa, wakati gani, na kama una haki ya kukataa.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ana kigezo chake cha kupimia jambo hili. Mwaka ule ule wa 1858 ambapo Malkia alianza kumwandikia bintiye, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi unaojulikana kwa jina lake. Hakuna uhusiano wa kihistoria baina ya kazi hizo mbili, na makala haya hayadai uhusiano huo. Kinachozifanya zifae kulinganishwa ni umbo: mama anamwandikia binti, na maradhi yamo katikati. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona ndiye mgonjwa. Mwanzoni kabisa anamwita binti asogee, anamwarifu kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, kisha anamwagiza alete wino na karatasi. Mpangilio huo una uzito mkubwa. Ugonjwa unatajwa kwa muda wake, halafu unafuatwa na zana za uandishi. Mgonjwa hangoji kuchorwa, anaagiza kalamu.

Wahakiki wamejadiliana sana kuhusu maudhui ya utendi huo, hasa wasia wake juu ya ndoa na utiifu wa mke, na mjadala huo ungali una haki yake. Lakini kuna haja ya kuutambua pia kama taswira ya mgonjwa iliyochorwa na mgonjwa. Fasihi yetu ina Utenzi wa Ayubu, ambamo maradhi ni mtihani na mgonjwa ni kielelezo cha subira; tumezoea kuyasoma maradhi kama ishara ya jambo jingine, iwe ni imani, iwe ni uozo wa jamii. Mwana Kupona anatukumbusha kwamba kabla ya kuwa ishara ugonjwa ni muda, na muda huo una mwenyewe.

Hitimisho

Imebainika kwamba taswira za Mwanamfalme Leopold zinatofautiana katika fani na nia, lakini nyingi zina kasoro moja. Barua za mama ziliugeuza ugonjwa kuwa tabia, kisha kuwa udhaifu wa kudumu. Kamera iliutandaza utulivu wake juu ya watu wote. Jiwe liliusahihisha mwili. Mchoro wa nasaba uliufanya mwili huo kuwa njia ya kupitia. Kila moja ilichagua hali moja, ya uzima au ya ugonjwa, ikaifanya kuwa ukweli wote, ilhali Leopold aliishi katika kwenda na kurudi baina ya hizo mbili.

Funzo kwa mhakiki halimhusu Leopold peke yake. Wahusika wagonjwa wamejaa katika tenzi, riwaya na tamthilia za Kiswahili, na wanafunzi wetu hufunzwa mapema kuuliza ugonjwa wa mhusika unaashiria nini. Swali hilo ni halali, lakini halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza ni kama mhusika mwenyewe amepewa nafasi ya kuusema ugonjwa wake, na kama hakupewa, ni nani aliyekaa mahali pake. Uji hutolewa kwa huruma bila ya kuuliza. Taswira haitolewi hivyo. Anayetaka kumchora mgonjwa sharti kwanza amsogelee, kama Mwana Hashima alivyosogea, na amkabidhi wino.